Ichiro Suzuki na mapigo 4,367: kinachohesabiwa ni nini, na kwa nini Wajapani wanampenda

Januari 2025 waandishi wa habari za besiboli wa Marekani walipiga kura kumwingiza Ichiro Suzuki katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo, ulioko Cooperstown, mji mdogo wa jimbo la New York. Kura zilikuwa 394. Alipata 393. Tangu hapo ubishi haujaisha. Wapo wanaosema Ichiro ana mapigo mengi kuliko binadamu yeyote, na wapo wanaosema rekodi hiyo ni ya Mmarekani Pete Rose. Wengine wanamwita Mjapani wa kwanza kucheza Marekani. Wengine wanauliza mtu ambaye hakuwa na mazoea ya kuvusha mpira uzio alipataje heshima kubwa namna hiyo, na vijana wanaomfahamu Shohei Ohtani pekee, nyota Mjapani wa besiboli ya leo, wanashangaa kwa nini wazazi wa Kijapani wakisikia jina la Ichiro wanabadilika uso.

Sehemu kubwa ya ubishi huu inatokana na watu kugombania idadi kabla ya kukubaliana kinachohesabiwa. Tuanze hapo.

Besiboli huchezwa na timu mbili za watu tisa tisa. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji na kumrushia mpira mdogo mgumu kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 150 kwa saa. Mpigaji ana gongo la mbao. Akiupata mpira, anatimua mbio kwenda kituo cha kwanza, kiasi cha mita 27 na nusu upande wa kulia wa uwanja. Vituo viko vinne, vimepangwa mraba, na anayevizunguka vyote hadi kurudi alipoanzia ameipatia timu yake pointi moja. Walinzi nao wanataka kumtoa. Wakiudaka mpira kabla haujagusa ardhi, ametoka. Wakiuokota na kuufikisha kituoni kabla yake, ametoka vilevile.

Sasa, mpigaji akifika kituoni kwa kazi ya gongo lake mwenyewe, bila kubebwa na kosa la mlinzi na bila kupewa njia na mrushaji aliyekosa shabaha, hilo huitwa pigo salama. Ndicho kitu Ichiro alichokikusanya maisha yake yote ya uwanjani. Lipo pigo la kituo kimoja, la viwili, la vitatu, na lipo lile la fahari kuliko yote, homurani, ambapo mpira unavuka uzio na mpigaji anauzunguka uwanja wote bila wa kumzuia. Katika hesabu ya mapigo salama, yote haya ni moja moja. Homurani iliyoanguka jukwaani ni pigo moja, na mpira uliojikokota kwenye nyasi hatua chache, mpigaji akawahi kituoni kwa mbio, nao ni pigo moja. Anayesikia mapigo 4,367 akadhani ni mipira 4,367 iliyovuka uzio ameshapotea njia.

Kipimo cha pili ni wastani: mapigo salama yakigawanywa kwa majaribio. Mpigaji anayefikisha 300 katika kila majaribio 1,000, mwaka hadi mwaka, ni hodari wa hali ya juu, maana yake ni kwamba hata mabingwa hushindwa mara saba katika kumi. Ichiro alimaliza misimu yake 9 ya Japani na wastani wa 0.353, na misimu 19 ya Marekani na wastani wa 0.311.

Aliwezaje? Ichiro ni mtu wa mkono wa kulia. Anarusha kwa kulia, lakini alipiga kwa kushoto. Mpigaji wa kushoto husimama upande ulio karibu zaidi na kituo cha kwanza, kwa hiyo anaokoa hatua moja au mbili. Ichiro aliongeza ya kwake: pigo lilipokuwa linamalizika, uzito wa mwili wake ulikuwa umeshahamia upande wa kituo, mguu umeshainuka. Mlinzi aliyezoea kuuokota mpira, kujiweka sawa, kisha kurusha, akajikuta muda huo hana tena. Hata mpira mbovu, ule ambao kwa mpigaji mwingine ungekuwa aibu, kwake uligeuka mashindano ya mbio, na mbio alikuwa nazo. Katika mapigo yake 3,089 ya Marekani, 2,514 yalikuwa ya kituo kimoja. Homurani zilikuwa 117 tu.

Mwaka 2004 alifikisha mapigo 262 katika msimu mmoja, akaivunja rekodi ya George Sisler ya mapigo 257 iliyodumu tangu 1920. Ni haki kusema kwamba enzi za Sisler msimu ulikuwa wa michezo 154 na siku hizi ni 162, kwa hiyo Ichiro alikuwa na nafasi zaidi. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 tangu msimu urefushwe hakuna mwingine aliyeitumia nafasi hiyo kuifikia rekodi, na tangu 2004 hakuna aliyemfikia yeye. Mwaka 2009, alipokwenda St. Louis, Ichiro alilitafuta kaburi la Sisler akaweka maua.

Turudi nyuma kidogo. Ichiro alizaliwa Oktoba 1973 akakulia Toyoyama, mji mdogo karibu na Nagoya, ambako baba yake alimfanyisha mazoezi kila siku tangu akiwa mtoto mdogo. Darasa la sita aliandika insha shuleni akisema ndoto yake ni kuwa mchezaji wa kulipwa wa daraja la juu, na kwamba katika siku 365 za mwaka hufanya mazoezi makali siku 360. Alicheza Koshien, mashindano ya shule za sekondari ambayo Japani nzima husimama kuyatazama. Jina hilo si geni kabisa kwetu, kwa kuwa mashindano ya besiboli ya vijana Tanzania hubeba jina la Koshien, na Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ina uwanja wa mchezo huo uliojengwa kwa msaada wa Japani.

Pamoja na hayo yote, mwaka 1991 timu za kulipwa zilipogawana vijana, Orix BlueWave ya Kobe ilimchukua katika raundi ya nne. Walimwona mwembamba. Kocha wa kwanza, Shozo Doi, hakuupenda mtindo wake wa kupiga, ule wa kuurudisha na kuupeleka mguu kama timazi ya saa ya ukutani, akamrudisha mara kwa mara timu ya pili. Mambo yalibadilika 1994 alipokuja kocha Akira Ogi. Ogi aliuacha mtindo kama ulivyo, akampanga kila siku, na akafanya jambo ambalo halikuwa la kawaida: akamsajili kwa jina la kwanza pekee. Suzuki ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea zaidi Japani, na hakuna ambaye angegeuka kuliangalia. Mwaka huo Ichiro akapata mapigo 210, wa kwanza katika historia ya ligi ya Japani kufikisha 200 katika msimu.

Kwa maoni yangu, asiyejua kilichotokea Kobe hawezi kuelewa mapenzi ya Wajapani kwa mtu huyu, hata akariri takwimu zote. Alfajiri ya Januari 17, 1995, tetemeko la ardhi liliupiga mji huo. Zaidi ya watu 6,000 walikufa. Barabara ya juu ililala ubavu, mitaa mizima ikateketea kwa moto, watu wakahamia shule na kumbi za umma. Orix ilikuwa timu ya mji huo. Ilicheza msimu mzima Kobe ikiwa na maneno ya kuutia moyo mji yameshonwa kwenye mkono wa jezi, “Ganbaro Kobe”, yaani Kobe, tujikaze. Watu waliopoteza nyumba walikwenda uwanjani. Timu ile, ambayo haikuwa miongoni mwa vigogo, ikachukua ubingwa wa ligi yake, moja ya ligi mbili za kulipwa za Japani, naye Ichiro akaongoza kwa wastani na kwa vituo vya kuiba, yaani vile ambavyo mkimbiaji huvikimbilia bila kungoja mwenzake apige mpira, akamaliza na homurani 25. Fainali ya taifa walifungwa na Yakult Swallows. Mwaka uliofuata walirudi. Ubingwa wa ligi safari hii walitawazwa nyumbani Kobe, mbele ya watu wao, kwa pigo la Ichiro lililomaliza mchezo, kisha wakawashinda Yomiuri Giants, timu tajiri ya Tokyo, katika fainali ya taifa.

Kijana huyo alikuwa na miaka 22. Kwa mji uliozika maelfu ya watu wake, mtu wa namna hiyo haingii kwenye takwimu. Anaingia kwenye familia.

Baada ya misimu saba mfululizo ya kuongoza ligi yake kwa wastani, Ichiro alitaka kwenda Marekani. Hapa kuna uzushi wa kuondoa. Hakuwa Mjapani wa kwanza huko. Masanori Murakami alichezea San Francisco Giants mwaka 1964, na Hideo Nomo alitikisa Los Angeles mwaka 1995. Hao walikuwa warushaji. Imani iliyokuwa imeenea ni kwamba Mjapani anaweza kurusha, ila kusimama na gongo mbele ya warushaji wa Marekani siku baada ya siku, michezo 162, mwili hautahimili. Ichiro alikuwa mchezaji wa kwanza asiye mrushaji kutoka Japani kusaini na timu ya ligi kuu ya Marekani, na msimu huohuo wa 2001 Tsuyoshi Shinjo naye alianza na New York Mets.

Uhamisho wenyewe ulikuwa wa mnada. Ichiro alikuwa bado ana mkataba na Orix, hivyo timu za Marekani zilipeleka dau kwa siri, na yenye dau kubwa ikapata haki ya kuzungumza naye peke yake. Seattle Mariners ilitoa dola milioni 13 na kidogo, fedha zilizokwenda Orix, kisha ikamlipa mchezaji mshahara wake kando.

Msimu wa kwanza ulimaliza maneno. Mapigo 242, wastani wa 0.350, vituo 56 vya kuiba. Mwezi Aprili, pale Oakland, aliuokota mpira upande wa kulia wa uwanja na kuurusha moja kwa moja hadi kituo cha tatu, chini chini, bila kudunda, ukamsubiri mkimbiaji Terrence Long aliyekuwa na uhakika wa kufika. Seattle ilishinda michezo 116, ikaifikia rekodi ya Chicago Cubs ya 1906. Ichiro akapewa tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza na ya mchezaji bora wa ligi yake kwa pamoja, jambo ambalo kabla yake lilimtokea Fred Lynn peke yake, mwaka 1975. Kisha akafikisha mapigo 200 au zaidi kwa misimu kumi mfululizo, kuanzia 2001 hadi 2010.

Haya, tuje kwenye fundo lenyewe. Rose alimaliza na mapigo 4,256, yote katika ligi kuu ya Marekani. Ichiro ana 1,278 ya Japani na 3,089 ya Marekani. Ukiyajumlisha unapata 4,367. Juni 2016, pale San Diego, alipompita Rose kwa jumla hiyo, Wajapani walishangilia na Rose mwenyewe akalalamika kwamba yanahesabiwa hadi mapigo ya ligi isiyo na hadhi sawa.

Mfikirie Mbwana Samatta. Magoli aliyoifungia TP Mazembe hayamwingizi kwenye orodha ya wafungaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, hata kama baadaye aliichezea Aston Villa. Wakati huohuo hakuna Mtanzania mwenye akili atakayesema magoli yale hayakufungwa. Kuna daftari la ligi na kuna maisha ya mchezaji. Kwenye daftari la ligi kuu ya Marekani, Rose ndiye wa kwanza, na Ichiro yuko mbali nyuma yake. Kwenye hesabu ya maisha ya mtu katika ligi za juu za nchi hizi mbili, Ichiro ana mengi zaidi. Kauli zote mbili ni kweli, na anayetaka moja iimeze nyingine anaanzisha ugomvi usio na sababu. Ni suala lilelile la Sadaharu Oh, aliyepiga homurani 868 Japani wakati rekodi ya Marekani ni 762 za Barry Bonds.

Lakini hoja ya kwamba mapigo ya Japani ni ya bei rahisi inastahili jibu la hesabu. Mwaka 1994 Ichiro alipata mapigo 210 katika michezo 130. Hiyo ni 1.62 kwa mchezo. Mwaka 2004, Marekani, alipata 262 katika michezo 161. Gawanya: 1.63 kwa mchezo. Katika miaka yake miwili mikubwa, pande mbili za bahari, mbele ya warushaji tofauti kabisa, alikuwa akipata karibu kiwango kilekile. Hii haithibitishi kwamba ligi hizo ni sawa, na kwa jumla wastani wake Marekani ulishuka. Ila tukumbuke aliingia huko na miaka 27 na kutoka na miaka 45, uzee wote umo ndani ya hesabu hiyo. Ama kuhusu kauli kwamba angeanzia Marekani angempita Rose kwa mbali, hiyo ni ndoto ya mashabiki. Haiwezi kupimwa.

Lawama ya homurani ina uzito zaidi, na sitaki kuipita juu juu. Wachambuzi wa takwimu husema, kwa haki, kwamba pigo la kituo kimoja halina thamani ya homurani, na kwamba Ichiro hakuwa na subira ya kuacha mipira mibaya ili apewe njia bure. Ukipima mchango wa mpigaji kwa pointi alizosababisha, wapo waliokuwa na wastani mdogo kuliko wake na mchango mkubwa zaidi. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni kusema hakuwa na nguvu. Mtu aliyepiga homurani 25 katika michezo 130 mwaka 1995 alikuwa nazo. Alichagua njia nyingine, akaongeza juu yake ulinzi uliompa tuzo kumi mfululizo za mlinzi bora, na vituo 509 vya kuiba. Wakati alipokuwa kileleni, besiboli ya Marekani ilikuwa imelewa misuli na kashfa za dawa za kuongeza nguvu. Mwembamba huyu wa Toyoyama aliwaonyesha watu kwamba kukimbia kwenda kituo cha kwanza kunaweza kuwa tukio la kukufanya usimame kwenye kiti, na hilo kwangu ni kubwa kuliko homurani mia mbili za ziada.

Kura je? Wapiga kura wa Cooperstown ni waandishi waliokaa miaka kumi au zaidi kwenye chama chao. Mchezaji husubiri misimu mitano baada ya kustaafu, na anahitaji asilimia 75. Kila mwandishi anaruhusiwa majina kumi tu, wala halazimiki kutaja kura yake hadharani. Aliyeliacha jina la Ichiro hajajitokeza, na watu wakakimbilia kusema ni chuki dhidi ya Mjapani. Ushahidi wa hilo haupo. Derek Jeter, Mmarekani kipenzi cha New York, naye alikosa kura moja mwaka 2020, na aliyewahi kupata zote ni Mariano Rivera wa Panama, mwaka 2019. Zaidi ya hapo, mwezi huohuo wa Januari 2025 Ichiro alichaguliwa katika ukumbi wa mashujaa wa Japani kwa kura 323 kati ya 349. Nyumbani kwao watu 26 hawakuliandika jina lake! Mwenyewe alisema angependa kumkaribisha yule mmoja nyumbani kwake, na mwezi Julai, alipohutubia Cooperstown kwa Kiingereza, akatangaza kwamba mwaliko umekwisha muda. Hotuba hiyo iliwashangaza waliodhani kwamba mtu aliyetumia mkalimani miaka yote lugha haijui. Alikuwa mzaliwa wa Asia wa kwanza kuingia humo kama mchezaji.

Tukimweka kando ya Ohtani, tusiwachanganye. Ohtani alizaliwa Julai 1994, katikati ya msimu ule ule wa mapigo 210. Ni mrushaji na mpigaji kwa pamoja, na mwaka 2024 alipata homurani 54 na vituo 59 vya kuiba. Hafanani na Ichiro kwa namna ya kucheza. Alichorithi ni kutokuulizwa tena kama Mjapani anaweza kupiga. Swali hilo lilifungwa 2001, mpigaji Hideki Matsui akapita alipokwenda New York Yankees 2003, na waliofuata wamekuta limeshajibiwa.

Serikali ya Japani imetaka kumpa Ichiro Tuzo ya Heshima ya Taifa zaidi ya mara moja, ile ile ambayo Oh alikuwa wa kwanza kuipokea mwaka 1977. Amekataa kila mara. Mwaka 2001 alisema bado ni mchezaji anayekua. Mwaka 2019, alipostaafu Tokyo baada ya mchezo wa Seattle na Oakland, alijibu kwamba atajitahidi aistahili siku pazia la maisha yake litakaposhuka. Wengine waliliona hilo kuwa majivuno. Mimi naliona kuwa ni uthabiti wa mtu yuleyule wa siku 360.

Na kazi hajaiacha. Japani, mchezaji aliyewahi kulipwa haruhusiwi kufundisha wanafunzi wa sekondari mpaka asome kozi maalumu, kanuni iliyotokana na ugomvi wa zamani kati ya ligi ya kulipwa na besiboli ya shule. Ichiro alikaa darasani, akapata kibali, na mwishoni mwa 2020 akaenda shule ya sekondari ya Chiben Wakayama kuwafundisha vijana, ambao kiangazi cha 2021 walitwaa ubingwa wa Koshien. Kisha akawageukia wasichana, ambao besiboli yao Japani ilikaa kivulini kwa miongo mingi. Kila mwaka timu yake hucheza na kikosi cha wasichana bora wa sekondari, naye huwa ndiye mrushaji. Septemba 2024 mchezo huo ulifanyika Tokyo Dome, Hideki Matsui na mrushaji wa zamani Daisuke Matsuzaka wakiwa upande wake. Ichiro, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 51, aliwarushia wasichana wale kwa nguvu zake zote.